Safari ya Kwanza ya Baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu yametoka kwa watu waliokuwa wakijiandaa kwa safari yao ya kwanza ya masafa marefu pamoja na kikundi chetu, ambacho huendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Moshi kwa siku saba. Mengi hayakuulizwa kikaoni. Yaliulizwa pembeni, baada ya mazoezi, muulizaji akiwa ameangalia chini. Tumeyaandika ili anayeona haya kuuliza apate jibu bila kumtafuta mtu. Palipo na jibu linalogusa maswali mawili, limeandikwa mara moja na msomaji ameelekezwa pale lilipo.

## Safari yenyewe

1. Njia ni ipi, na kila siku tunaendesha umbali gani?

Safari nzima ni kilomita zipatazo 550. Siku ya kwanza tunatoka Dar es Salaam kupitia Tegeta na Bunju hadi Bagamoyo, yapata kilomita 65. Siku ya pili tunaiacha pwani na kufuata barabara ya Msata, kilomita 64, hadi inapokutana na barabara kuu itokayo Chalinze. Siku ya tatu tunavuka mto Wami na kulala Mkata, wilayani Handeni, kama kilomita 70 kutoka Msata. Siku ya nne tunapita Kabuku na Segera, kati ya mashamba ya mkonge na wauza machungwa, hadi Korogwe. Umbali huo haufiki kilomita 80. Siku ya tano ni fupi kwa makusudi, Korogwe hadi Mombo, kilomita 40 na kidogo. Siku ya sita ndiyo ndefu kuliko zote, Mombo hadi Same kupitia Mkomazi, Hedaru na Makanya, karibu kilomita 130. Siku ya saba tunaendesha kilomita 76 hadi Himo, kisha 27 hivi hadi Moshi.

Wengi huuliza kwa nini hatupiti Chalinze. Barabara ya Morogoro kati ya Kibaha na Chalinze hubeba malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, pamoja na mabasi ya mikoa mingi, na hapo si mahali pa kumfundishia mtu siku yake ya kwanza. Kuzunguka kwa Bagamoyo kunampa mgeni siku mbili za kuzoea kikundi kabla hajakutana na barabara kuu.

2. Kwa nini Julai, na kwa nini tunaanzia Dar es Salaam badala ya Moshi?

Masika huwa yamekwisha mwezi Mei na vuli huanza Oktoba, kwa hiyo kati ya Juni na Septemba barabara ni kavu na joto la pwani limepungua. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kusi, upepo utokao kusini-mashariki, nasi tunaelekea kaskazini-magharibi, hivyo upepo unatusukuma mgongoni siku nyingi. Wapo wanaosema kwamba ni rahisi kutoka Moshi kwa kuwa mji huo uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Ni kweli kwamba njia inateremka, lakini mita 800 zilizotawanywa katika kilomita 550 miguu haizioni, ilhali upepo wa mbele huonekana tangu saa ya kwanza.

## Woga

3. Sijawahi kuendesha zaidi ya kilomita 30. Je, nitaweza?

Ukiwa na wiki kumi au kumi na mbili za mazoezi, ndiyo. Mwendo wetu ni kati ya kilomita 15 na 18 kwa saa, na hakuna siku tunayoendesha mfululizo. Kila baada ya kilomita 15 hadi 20 tunasimama, tunakunywa, tunakula, na tunasubiriana. Kilomita 70 kwa hesabu hiyo ni vipande vinne vya safari fupi ambazo tayari unazifanya mjini, na ukianza saa 12 na nusu asubuhi unafika kabla ya saa 8 mchana.

Anayeweza kuendesha kilomita 30 bila kuhema ana mapafu na miguu ya kumtosha. Anayokosa ni mambo matatu: makalio yaliyozoea siti, desturi ya kula kabla ya njaa, na uzoefu wa kuamka siku ya pili mwili ukiwa mzito na kupanda baiskeli tena. Yote matatu yanajengeka, na yameelezwa katika swali la 6, la 7 na la 9.

4. Naogopa kuwachelewesha wenzangu. Je, nisubiri mwaka mwingine?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ningependa lijibiwe kwa kirefu.

Katika safari yangu ya kwanza, goti la kulia lilianza kuniuma tulipokuwa tunakaribia Mkata. Nilikuwa mgeni kuliko wote, na niliona kwamba mgeni hapaswi kulalamika siku ya tatu. Nikanyamaza Mkata, nikanyamaza Korogwe, na Mombo nilipoulizwa hali nikajibu kwamba mimi mzima. Kesho yake, mbele kidogo ya Hedaru, mguu ulikataa kukunjika. Gari la msaada lilikuwa limetangulia Same kutafuta vyumba, na mahali pale hapakuwa na mti wenye kivuli. Watu kumi na moja walisimama kwenye jua la saa 7 kwa zaidi ya saa nzima kunisubiri mimi. Mwenzetu mmoja alipoikagua baiskeli yangu akakuta bomba la siti limeteleza na kushuka karibu sentimita mbili, jambo ambalo lingerekebishwa Mkata kwa spana na dakika tano. Hakuna aliyenilaumu kwa sababu ya goti. Waliniuliza tu kwa nini sikusema mapema, nami sikuwa na jibu.

Tangu hapo nimeona jambo hilo likijirudia kwa wengine. Kikundi hakicheleweshwi na mwenye mwendo mdogo, kwa sababu mwendo mdogo unajulikana tangu asubuhi na siku hupangwa kwa kuufuata. Kinachokichelewesha ni tatizo lililofichwa hadi likawa kubwa, iwe ni kiu, malengelenge, breki inayolia au hofu ya malori ambayo mtu hakuitaja. Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja tu kutoka kwa mgeni, nacho ni kusema mapema.

Ili kulirahisisha hilo, mfunga msafara, yaani yule aendeshaye nyuma ya wote, humwendea kila mtu katika kila kituo na kumuuliza mambo matatu: umekunywa, umekula, kuna kinachouma? Kwetu mtu huitikia “salama” hata akiwa na homa, na hiyo ni adabu njema ya maamkizi. Kituoni, hata hivyo, “salama” haipokelewi kama jibu. Mfunga msafara atasimama hapo hapo mpaka umjibu moja baada ya jingine.

5. Wiki ya mwisho silali vizuri, na najikuta nafungasha na kufungua mizigo. Je, ni dalili kwamba sijawa tayari?

Hapana, wengi wetu bado hupitia hali hiyo. Linalosaidia ni kumaliza kazi za mikono mapema: baiskeli ikaguliwe na fundi siku kumi kabla, na wala si usiku wa mwisho, kwa sababu kipuri kipya kinahitaji kuendeshwa kidogo ndipo kasoro yake ionekane. Mzigo ufungwe siku mbili kabla na usifunguliwe tena. Usiku wa kuamkia safari usijilazimishe usingizi. Jinyooshe tu, pumzika, na tegemea usingizi wa siku zilizotangulia. Siku ya kwanza imewekwa kilomita 65 za tambarare kwa kufikiria mtu ambaye hakulala.

Ikiwa hofu yako ni ya jambo moja mahususi, kwa mfano mabasi au kuendesha karibu na tairi la mwenzako, iandike na umpe kiongozi. Hofu iliyotajwa jina tunaweza kuifanyia mazoezi Jumapili moja kabla ya safari.

## Mazoezi na mwili

6. Nianze lini mazoezi, na nifanye nini hasa?

Anza wiki kumi hadi kumi na mbili kabla. Siku mbili katikati ya wiki endesha saa moja, na siku moja ya mwisho wa wiki endesha safari ndefu, ukianzia umbali unaouweza na kuongeza kilomita tano hadi kumi kila wiki, huku kila wiki ya nne ukipunguza ili mwili upone. Kabla ya safari uwe umefikisha kilomita 80 angalau mara mbili. La muhimu kuliko hilo ni kuendesha siku mbili mfululizo, kwa mfano kilomita 60 Jumamosi na 50 Jumapili, kwani Jumapili hiyo itakufundisha mambo ambayo Jumamosi peke yake haiwezi. Wiki ya mwisho endesha kidogo tu, kwa sababu mazoezi ya wiki hiyo hayakuongezei nguvu ila uchovu.

7. Siti inanichoma. Ninunue siti laini zaidi?

Kwa kawaida hapana. Siti laini sana huzama, na uzito ukaacha mifupa miwili ya kukalia na kuangukia nyama za katikati, ambako ndiko kuna mishipa. Inayofaa ni siti ngumu kiasi, iliyo bapa, yenye upana unaolingana na mifupa hiyo. Kaptula yenye pedi husaidia mno, na huvaliwa bila chupi, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo huchubua. Chukua mbili ili moja ifuliwe na kukauka kila siku. Paka mafuta ya mgando sehemu zinazosuguana kabla ya kuondoka, usingoje ziwashe. Kila kituo simama kwenye pedeli mita mia za mwisho ili damu ipite. Maumivu ya wiki mbili za kwanza za mazoezi ni ya kawaida na huisha. Yakibaki baada ya mwezi, tatizo ni siti au urefu wake.

8. Magoti yanauma na vidole vya mkono vinakufa ganzi. Kuna nini?

Anza na urefu wa siti. Kaa juu ya baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Hapo, ukiweka sehemu ya mbele ya wayo kama uendeshavyo, goti litabaki limekunjika kidogo. Siti iliyo chini mno huumiza goti kwa mbele, na iliyo juu mno huumiza kwa nyuma. Ukipata kipimo, chora alama kwenye bomba kwa kalamu ya wino usiofutika, na itazame kila asubuhi. Msomaji wa swali la 4 anajua kwa nini nasisitiza.

Ganzi ya vidole hutokana na kuegemea usukani kwa uzito wa kifua. Inua usukani kidogo, kunja viwiko, na badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache. Pia tumia gia nyepesi na uzungushe miguu haraka haraka badala ya kusukuma gia nzito polepole. Magoti mengi yamepona kwa hilo tu.

9. Nile nini na ninywe kiasi gani?

Kula kidogo kila saa tangu saa ya kwanza, hata kama huna njaa. Ndizi mbivu mbili au chapati moja kwa saa zinatosha kwa mwendo wetu. Akiba ya nguvu mwilini huisha baada ya saa chache za kuendesha, na ikiisha mtu hutetemeka, hukasirika bila sababu na macho hupoteza umakini, na kuirudisha huchukua muda mrefu kuliko kuilinda. Asubuhi kunywa uji au chai na maandazi au mihogo. Mlo mzito wa wali na maharage au ugali na samaki uwe wa jioni. Njiani kuna machungwa, ndizi na karanga kutoka Mkata hadi Mombo, lakini kati ya Mkomazi na Same vibanda vinapungua, kwa hiyo siku ya sita kila mtu hubeba chakula chake tangu Mombo.

Maji ni kati ya nusu lita na lita moja kwa saa kulingana na jua. Mkojo wa rangi ya majani ya chai unasema umechelewa. Lakini usinywe maji matupu kupita kiasi huku jasho likitoka, kwa maana chumvi ya damu hupungua na hilo nalo ni hatari. Beba pakiti za ORS, au changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Pwani madafu yapo, na hakuna anayehitaji kushawishiwa.

## Baiskeli na mizigo

10. Ninunue baiskeli gani? Je, Phoenix inafaa?

Baiskeli bora ni ile uliyokwisha kuiendesha miezi kadhaa na ambayo unajua inavyolia. Kwa anayetafuta, baiskeli ya mtumba ya milimani yenye rimu za inchi 26 ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu matairi na tyubu zake hupatikana katika kila mji wa njia hii. Ondoa matairi yenye meno makubwa na uweke yaliyo laini, ambayo hayakuchoshi kwenye lami. Baiskeli ya mashindano yenye matairi membamba ni nyepesi, lakini tunalazimika mara nyingi kushuka kwenye bega la barabara lenye kokoto, na hapo haina raha.

Phoenix ni chombo cha heshima. Imebeba mkaa, maji na familia nzima katika vijiji vyote tutakavyopita, na kila fundi anaijua. Hata hivyo ina uzito wa karibu kilo 20, haina gia za kubadilisha, na breki zake za vyuma hushika kwa shida kwenye mvua. Hatumkatazi anayekuja nayo, mradi awe ameweka vipande vipya vya breki na ameendesha nayo kilomita 80 katika mazoezi.

Tahadhari moja ya matairi: tairi la inchi 28 la Phoenix na lile liitwalo 700C yanafanana kwa macho, lakini la kwanza hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635 na la pili milimita 622, hivyo hayaingiliani hata kwa nguvu. Mwenye rimu za 700C abebe tairi la akiba linalokunjika. Vilevile mwenye tyubu za valvu nyembamba abebe kiunganishi chake, kwa kuwa pampu ya fundi wa kijijini haitaishika.

11. Nibebe vifaa gani, ilhali sijui ufundi?

Beba tyubu mbili za saizi yako, viraka na solusheni, pampu, vijiti viwili vya kutolea tairi, seti ya alenki, waya mmoja wa breki na mmoja wa gia, kipande cha kuungia cheni na chupa ndogo ya oili. Hata kama hujui kuvitumia, mwenzako anajua, na hawezi kukusaidia kwa tyubu isiyoingia kwenye rimu yako. Ufundi mmoja tu ni lazima kwa kila mtu, nao ni kuziba pancha.

12. Pancha ni nyingi kiasi gani, na nitajifunzaje?

Jiandae kwa mbili au tatu. Mara nyingi mwiba si mkosaji. Tairi la lori linapopasuka huacha barabarani nyaya nyembamba za chuma, fupi kuliko ukucha, nazo hukusanyika kwenye bega la barabara tunamoendesha. Ukianzia Mkomazi kuna tatizo la pili, yaani miiba ya migunga na mbigili, hasa mtu anapoiegesha baiskeli nje ya lami. Ibebe hadi kivulini, usiisukume kwenye majani.

Jifunze nyumbani kwa kutoa na kurudisha tairi la nyuma mara tano, kwa kuwa la nyuma ndilo gumu. Kosa kubwa la wageni ni kuweka tyubu mpya bila kutafuta kilichotoboa. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote, au pamba, ambayo hunasa kwenye ncha ya waya usioonekana. Usipoupata, tyubu mpya itatobolewa ndani ya kilomita moja.

13. Nifungashe nini?

Gari la msaada hubeba begi moja kwa kila mtu, lisilozidi kilo 10. Juu ya baiskeli beba vifaa vya swali la 11, maji, chakula, koti jepesi, dawa zako, simu, kitambulisho, kadi ya bima ya afya na fedha taslimu kidogo. Usivae begi mgongoni. Funga kila kitu kwenye keria au mfuko wa fremu.

## Barabarani

14. Malori na mabasi ndiyo yanayoninyima usingizi. Mnafanyaje?

Hofu hiyo ina sababu, na hatuipuuzi. Tunaendesha upande wa kushoto, mstari mmoja, katika mafungu ya watu sita hadi wanane, na kati ya fungu na fungu tunaacha nafasi ya kutosha basi kuingia likipisha. Kila mtu huvaa kofia ngumu na kizibao chenye viakisi mwanga, na tunahimiza kioo kidogo upande wa kulia wa usukani, maana kugeuza shingo kutazama nyuma humyumbisha mgeni kuelekea katikati ya barabara.

Hatari kubwa zaidi hutoka mbele: basi linaposhika upande wetu ili kulipita lori. Aliye mbele akipiga kelele “Bega!”, wote tunashuka kwenye bega bila kujadiliana na bila kufunga breki ghafla. Zoezi hili hufanywa mara kadhaa kabla ya safari, kwa sababu ukingo wa lami mahali pengine una kina, na gurudumu likiukwaruza kwa ubavu huanguka. Shuka kwa pembe, punguza mwendo, na usijaribu kupanda tena lami mpaka utakapoweza kuikata kwa pembe. Honi ndefu isiyokatika maana yake ni kwamba dereva hana nia ya kupunguza, mpishe.

Karibu na vijiji magari hutakiwa kushuka hadi kilomita 50 kwa saa na kuna matuta, kwa hiyo huko ni salama zaidi kwa upande wa magari, lakini bodaboda, mbuzi na watoto hutokea bila taarifa. Rasta, yaani matuta madogo yaliyofuatana, zivuke ukiwa umejiinua kidogo kwenye siti, mikono ikiwa imelegea.

15. Kuendesha karibu karibu kunanitisha. Je, ni lazima?

Si lazima. Kujikinga upepo nyuma ya mwenzako huokoa nguvu nyingi, lakini kusi likiwa mgongoni faida hiyo hupungua. Mgeni aanze na nafasi ya urefu wa baiskeli mbili na aipunguze akizoea. Sheria moja haivunjwi: gurudumu lako la mbele lisipite sambamba na la nyuma la mwenzako, kwa kuwa akiyumba kidogo wewe ndiye utakayeanguka. Tazama mabega ya aliye mbele, usitazame tairi lake. Onyo hupitishwa kwa sauti na mkono kutoka mbele hadi nyuma (“Shimo!”, “Simama!”, “Gari nyuma!”) na kila mtu analirudia, hata akidhani limesikika.

16. Tukichelewa, tutaendesha usiku?

Kamwe. Jua huzama baada kidogo ya saa 12 jioni, na ifikapo saa 11 aliye bado barabarani hupakiwa kwenye gari, hata kama zimebaki kilomita tano. Kuhusu malazi, tunalala gesti za kawaida, wawili wawili, na baiskeli huingia ndani ya geti au chumbani.

## Hali za pekee

17. Wanawake hufanyaje kuhusu mavazi, kujisaidia njiani na hedhi?

Jibu hili limetolewa na wanawake wa kikundi. Kaptula yenye pedi huvaliwa chini ya suruali pana au sketi fupi juu ya suruali, mradi kitambaa kisifike kwenye cheni. Anayevaa hijabu achague nyepesi isiyo na fundo kisogoni, ili kofia ngumu ikae sawa. Khanga mbili hazikosekani, kwa kubadilishia nguo na kujistiri porini. Huenda wawili pamoja na kikundi husogea mbele. Nunua pedi za hedhi za kutosha Dar es Salaam na ubadilishe kila kituo kikubwa, kwa kuwa jasho huzilowesha na kingo zake huchubua. Waliozoea kikombe cha hedhi wanasema ndicho kilichowafaa zaidi, lakini kizoee nyumbani kwanza.

18. Nina kisukari, pumu, shinikizo la damu au selimundu. Je, naruhusiwa?

Anayeamua ni daktari wako, naye aelezwe ukweli wote: siku saba, saa tano hadi nane kwa siku, juani. Akikubali, watu wawili katika kikundi wajue hali yako na mahali dawa ilipo. Dawa ya pumu ikae mfukoni mwako, kamwe isikae ndani ya gari. Insulini isipigwe na jua, na mwenye kisukari awe na kitu cha sukari anachokifikia bila kushuka. Mwenye selimundu aelewe kwamba ukosefu wa maji na uchovu mkali vinaweza kuamsha maumivu, na ningemshauri aanze na siku mbili za Bagamoyo na Msata kabla ya kuifikiria njia nzima.

19. Itakuwaje kuhusu sala na saumu?

Kituo cha mchana hupangwa kwa kufuata adhuhuri, na Jumapili tunaondoka baada ya ibada ya kwanza palipo na kanisa karibu. Hatupangi safari ndani ya Ramadhani. Anayefunga saumu nyingine azungumze na kiongozi mapema, na kwa siku ya Mombo hadi Same tunamwomba afungue au apande gari.

20. Siku ya Mombo ni fupi. Tunaweza kupanda Lushoto mchana?

Tunaomba usifanye hivyo. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kilomita 33 kutoka Mombo kupitia Soni ni mlima karibu wote. Ni nzuri mno, nami huenda huko kwa safari nyingine. Lakini Mombo tunapumzika kwa ajili ya kesho yake: kilomita 130, saa nane kwenye siti, katika upande wa milima ya Usambara na Upare ambao mvua haiufikii vizuri, ndiyo maana ni mkavu na una kivuli kidogo. Kila aliyepanda Lushoto siku hiyo aliingia Same ndani ya gari.

21. Nikishindwa kabisa nitafanyaje?

Kupanda gari nusu siku na kurudi kwenye baiskeli kesho yake ni jambo la kawaida. Anayetaka kurudi nyumbani atapata basi Korogwe, Mombo au Same, kwa pande zote mbili. Baiskeli huingia kwenye buti magurudumu yakiwa yametolewa. Elewaneni na konda nauli yake kabla ya kupakia, na funika cheni kwa gunia ili isichafue mizigo ya wengine.

22. Ajali ikitokea?

Kwanza linda mahali: watu wawili wenye vizibao husimama mita mia kila upande, na matawi ya miti huwekwa barabarani. Anayelalamika shingo au mgongo asiinuliwe isipokuwa pana hatari ya kugongwa tena. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Mmoja wetu huenda kituo cha polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wakati majeruhi anapelekwa hospitali iliyo karibu; Korogwe kuna hospitali ya Magunga, Same kuna hospitali ya wilaya, na mwisho wa njia kuna KCMC Moshi. Aliyegonga kichwa haendeshi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa.

23. Nimerudi nyumbani na nina homa. Je, ni uchovu?

Usidhani hivyo. Njia yote ina mbu wa malaria, na vimelea huchukua siku saba au zaidi tangu mtu aumwe hadi homa ianze, kwa hiyo aliyeumwa Bagamoyo anaweza kuugua akiwa amekwisha kurudi kazini. Uchovu wa safari huleta misuli mizito na usingizi mwingi, lakini hauleti homa wala kutetemeka. Nenda ukapime siku hiyo hiyo, umweleze mhudumu ulikolala na tarehe, kisha umpigie kiongozi wa kikundi ili tuwaulize hali waliolala chumba kimoja nawe.